Chumvi ya Mlangoni mwa Mto

Mtahini wa nje alifungua tasnifu kwenye ukurasa wa ramani, akauacha wazi mezani, nami nikajua anakoelekea. Mwanafunzi wangu, binti wa wakulima wa Kondoa, alikuwa amesimama mbele yetu kutetea miaka miwili ya kazi: kwa nini kambamiti wa sakafu ya bahari hujazana mahali fulani na mahali pengine hawaonekani kabisa. Matope aliyachota mwenyewe pwani, akayaleta Dodoma kwa basi, kwenye chupa.

"Hapa mlangoni mwa mto ndipo kambamiti walipojaa," alisema mtahini. "Mto unamwaga maji yasiyo na chumvi. Lakini kwa kipimo chako, matope ya hapa yana chumvi sawa na ya mbali baharini. Imetoka wapi?"

Nilijua ilikotoka. Ili kupima chumvi, matope makavu hukorogwa kwanza kwenye maji safi ya maabara, yasiyo na chochote ndani yake. Hayo yaliisha akiwa amebakiza chupa za mlangoni mwa mto. Aliniomba ruhusa aende gereji za Kizota kutafuta maji ya betri, ambayo nayo hayana chumvi. Nami, msomi ninayewahi kikao, nikamwambia atumie ya bomba, maji ni maji. Na birika la nyumbani kwangu limeota magamba meupe ya chumvi kwa maji hayohayo, nayalalamikia kila asubuhi.

Binti alijibu kwamba alitumia maji ya bomba. Hakunitazama. Angenitazama, ningepata sababu ya kukasirika.

"Nani alikufundisha hivyo?" aliuliza mtahini.

Binti aliinamia ramani yake mezani. Mwenyekiti wa jopo akaanza kukusanya karatasi zake, na kwa kawaida yake hiyo ni dalili ya kufeli. Nikawaza, na naona haya kuliandika, kwamba yeye bado kijana, ataanza upya. Mimi ombi langu la kupandishwa cheo liko kwa mwenyekiti huyohuyo.

"Mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto anayeomba kwenda msalani.

Mtahini alitabasamu. Mwenyekiti hakutabasamu. Hawakumfelisha, walimpa miezi mitatu apime upya matope yaliyobaki. Mimi sikuambiwa neno, jambo ambalo ofisini kwetu ni baya kuliko kukaripiwa.

Koridoni nilimwomba radhi mwanafunzi wangu kwa maelezo marefu mno. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kwa adabu.

"Nimekusikia, Mwalimu," alisema. "Naomba funguo za maabara nikae nazo mimi."

Nikampa.