Jeraha Lisilo na Usaha

Katika familia yetu mimi ndiye niliyesomea vijidudu, ndiyo maana hakuna anayenisikiliza nikitaja ugonjwa. Tangu nihitimu nimeshajigundulia kifua kikuu, kichaa cha mbwa na ugonjwa mmoja wa ng'ombe.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipoamka Jumapili na homa, katika chumba tunachokaa pamoja mtaani Tassia, nilinyamaza. Siku tatu kabla aliungua mkono akikaanga mandazi ya kuuza. Akapaka dawa ya meno kama kila mtu, akafunga kitambaa, akaendelea kukaanga. Saa nne asubuhi hiyo ya Jumapili akatapika. Mama wa mlango wa pili akaja, akamgusa paji la uso, akasema ni taifodi. Kwenye ploti yetu, ghorofa la vyumba vya kupanga, kila homa ni taifodi mpaka mtu apone.

Mimi nilikuwa natazama macho yake na viganja vyake. Vyote vilikuwa vyekundu.

Kwa kawaida chembe za kinga hungoja zionyeshwe adui, na zile chache zinazomtambua ndizo huinuka. Lakini wako bakteria wa vidondani ambao sumu yao huruka ukaguzi huo na kuziamsha chembe nyingi mno kwa pamoja, kama ploti nzima inavyotoka na rungu kwa sababu mtu mmoja amepiga yowe la mwizi. Kemikali zinazomwagwa na chembe hizo hulegeza mishipa ya damu, maji huvuja, presha huanguka. Anayeua si mwizi, ni majirani.

Nilikuwa bado nalilinganisha wazo hilo na yale yangu ya zamani dada alipoinuka, akaegemea ukuta, akateleza hadi sakafuni. Nikasema twende hospitali.

"Leo ni ule wa ng'ombe tena?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Leo nina hakika."

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo. Akanyoosha mguu nimvishe kiatu.

Tulimteremsha orofa tano, mimi na yule mama. Hospitalini daktari alipima presha, akaikuta chini sana, kisha akafungua kitambaa. Jeraha lilikuwa dogo, halina hata usaha. Akaagiza dripu mikono yote miwili na dawa za kuua bakteria. Nilianza kumweleza kuhusu sumu. Akaniomba nisogee ukutani. Nikasogea, nikauelezea ukuta.

Jioni presha ilipanda hadi ya kawaida, ikakaa hapo.

Kesho yake nilimwambia dada asishtuke, ngozi ya viganja vyake itabanduka baada ya wiki moja au mbili, ndiyo alama ya sumu ile.

"Na isipobanduka?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nililifikiria siku tisa, mpaka ikabanduka.