Maziwa ya Kuosha Vumbi

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Kaleli alivuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole na kujitazama kwenye kioo cha pikipiki alichokifunga kwa waya mlangoni. Siku nyingine jicho lilikuwa jeupe. Siku nyingine lilikuwa la manjano, na hapo alitembea kutoka kwake Kamenu hadi kazini Makongeni akiangalia chini.

Alikuwa na miaka ishirini na tatu, na ngazi tatu tu za kinu cha Githae zilimmaliza pumzi. Kazi yake ilikuwa kumimina mahindi kwa mashine na kukinga unga. Vumbi lilimwingia mpaka ndani ya masikio. Saa sita Githae alikuwa akimpa pakiti ya maziwa, kwa sababu maziwa huosha kifua, ndivyo watu wa vinu husema.

Jumatatu hiyo alikuja na barua ya daktari.

"Inasemaje?" Githae aliuliza bila kuishika.

"Nilizaliwa na kasoro, bosi. Kuna kitu ini hutengeneza cha kulinda mapafu. Langu linakitengeneza kikiwa kimepinda, kinakwama humo humo. Ini linaumia, na mapafu yanabaki bila mlinzi. Nisivute, nisinywe, nisikae kwa vumbi. Naomba tu unihamishe hapo mbele kwa mizani."

"Aterere, hebu sikia, Kaleli. Ugonjwa wa kuzaliwa ukungoje miaka ishirini na tatu?"

"Haukuwa unangoja. Ulikuwa unanila polepole."

"Na hayo macho? Hayo ni ya chang'aa ya kwa Mama Pima. Hebu pumua hapa."

Wateja kwa foleni walicheka. Kaleli akapumua mbele ya pua ya Githae, kwa sababu aliitaka ile mizani. Hakuwa ameonja pombe maishani. Baba yake pia hakuonja, na bado alizikwa na miaka thelathini na tisa, tumbo limejaa maji, majirani wakisema chang'aa imemmaliza.

Githae alinusa, akakosa. Akanusa tena. "Siku hizi mnatafuna majani ya mpera kuua harufu."

"Si umweke tu kwa mizani," alisema Waruguru, aliyekuwa na debe lake la mahindi mbele kabisa ya foleni.

"Na mahindi yako yasagwe na nani? Wewe?"

Githae aliingia chumba cha nyuma. Kaleli akangoja, moyo umeinuka kidogo. Mzee akatoka na pakiti mbili za maziwa.

"Nimekuongezea. Mimi nimesaga miaka kumi na minane, na niangalie."

Kaleli alimwangalia. Alikuwa mzima kama gunia lililoshonwa juzi. Na hakuwa anamdhihaki. Alikuwa amempa dawa yote aliyoijua. Hilo ndilo lililomchosha.

"Bosi, hata ukinipa ng'ombe mzima."

"Kunywa, watu wanangoja."

Kaleli alipanda, akaanza kumimina mahindi ya Waruguru, kisha katikati akazima mashine. Akakunja barua, akashuka ngazi moja moja.

"Osha uso urudi," Githae alimwambia. Kisha, "Kaleli?"

Alipita foleni yote akavuka barabara. Mahindi ya Waruguru yalikuwa yamesagwa nusu. Githae alingoja hadi saa nane, ndipo akapanda kumimina mwenyewe. Kaleli hakurudi, si siku hiyo wala kesho yake, wala hakutuma mtu amchukulie koti aliloliacha kinuni.