Kifungo cha Pili cha Mzee Futi

Mzee Futi akiandika namba zake huziba karatasi kwa kiganja, kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa jibu kwenye mtihani. Zamani hakuwa hivyo. Alianza siku Idara ya Maji ilipoleta mtu wake msituni.

Miaka ishirini na sita amekuwa mpima miti wa Idara ya Misitu. Anazungusha utepe kwenye shina, anasoma unene, anaandika, anahamia mti mwingine. Jina la Futi lilitokea huko. Halafu wakubwa wa idara mbili wakakaa, wakanywa chai, wakapeana mikono mbele ya kamera na kutangaza ushirikiano: msitu ulio juu ya chemchemi ya mji utapimwa na idara zote mbili, na mti hautakatwa bila saini ya Misitu na saini ya Maji. Maneno matamu hayo. Ila walioshikana mikono siyo waliokwenda kuchomwa na miiba.

Maji wakamleta binti mmoja mrefu, mpole, mwingi wa salamu. Hizo salamu ndizo zilizomtia Futi wasiwasi.

"Shikamoo mzee. Umeamkaje? Nyumbani wazima?"

"Marahaba," akajibu Futi, akaishia hapo. Moyoni akajiuliza, huyu anatafuta nini?

Wakapima miti sitini ileile, kila mtu siku yake. Ijumaa wakalaza karatasi zao mezani kwenye kituo cha Misitu, mbele ya mkuu wa kituo. Hakuna mti hata mmoja uliolingana. Namba za Futi zilikuwa kubwa kwenye miti yote sitini, sentimita moja hapa, mbili pale. Unaweza kusema ni kidogo, lakini sheria inasema mti ukifika unene wa sentimita arobaini na tano, panga na msumeno ruksa. Kwa namba za Futi, miti thelathini na moja ilikuwa imefika. Kwa namba za binti, tisa tu.

"Ile miti ndiyo kivuli cha chemchemi, mkuu," binti akasema. "Ukiondoa thelathini na moja, mji utakunywa vumbi."

"Kwa hiyo mimi muongo?" Futi akauliza.

"Sijasema hivyo, mzee."

"Hujasema, lakini umeleta karatasi inayosema."

Mkuu wa kituo akacheka kidogo. "Bwana Futi namuamini. Hapa tunamwita mizani." Akamgeukia binti. "Rudieni pamoja kesho, muondoe ubishi. Jumatatu nataka saini mbili."

Futi alitoka pale kifua mbele. Alikuwa ameshaipata picha yote: Maji wanautaka msitu, kwa hiyo wamemtuma mtoto mwenye adabu kuja kumchafulia jina mzee. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi akaenda kumvizia mwizi. Kwanza akaomba utepe wa binti, akaulaza sambamba na wake. Sawasawa. Akamtazama anavyovuta, labda anabana sana. Habani. Akainama kuona kama anapitisha utepe juu ya kinundu. Hapitishi. Futi akaanza kukasirika, maana mwizi asiyeiba anachosha.

Ndipo binti akasimamisha fimbo kando ya shina, akapima usawa wa ncha yake.

"Hiyo fimbo ya nini?"

"Ya urefu wa kupimia, mzee. Mita moja na sentimita thelathini kutoka chini. Usawa wa kifua."

"Sasa kifua si unacho? Unabeba kuni za nini?"

"Nikitumia changu, mzee, nitapimia kwenye matawi," binti akacheka. "Kwani wewe unatumia nini?"

Futi akagonga kifungo cha pili cha shati lake. Siku ya kwanza kazini, mwalimu wake alimsimamisha na rula, mita moja na thelathini ikagusa pale pale. "Achana na fimbo," akamwambia, "kifungo hicho ndicho fimbo yako." Tangu hapo kila shati jipya la kazi mkewe, ambaye ni fundi cherehani, analifumua na kukishona kifungo kile mahali pake. Ukicheka shauri yako.

"Nipe hiyo fimbo," Futi akasema. "Naenda kuikagua." Alikuwa na uhakika wameikata ndefu, maana shina hupungua unene kadiri unavyopanda juu.

Jioni akamtupia mkewe fimbo juu ya mashine. "Mama watoto, hebu ipime."

Mkewe akavuta utepe wa shingoni. "Mia moja na thelathini."

"Pima tena. Huo utepe wako umelegea."

"Utepe wangu umevalisha mji mzima, usiniletee. Simama hapo."

Futi akasimama kando ya fimbo. Mkewe akachungulia, akaweka vidole vyake kati ya kifungo na ncha ya fimbo. Vinne, kamili.

"Umekishona chini," Futi akasema haraka.

"Mimi? Kifungo kiko palepale kutoka kwenye kola. Aliyeshuka ni wewe." Akashika mgongo wa mumewe, pale ulipopinda. "Suruali zako nimezikata mara mbili, baba. Mara mbili! Nilidhani unajua, unaona haya kusema."

Futi akakaa kwenye kiti cha wateja. Ni miaka mingapi amekuwa akishuka kidogo kidogo, akipima chini ya mahali pake, na vitabu vyote vya idara vikisema miti inanenepa? Miti haikunenepa hivyo. Mpima ndiye aliyezeeka.

Jumatatu akaingia ofisini na ile fimbo mkononi. Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa fomu na kalamu.

"Mkuu, namba zangu zina kosa. Za binti ndizo za kweli."

Mkuu hakuuliza kosa gani. Wala hakuitazama fimbo. Akasema tu, "Saini, bwana Futi. Wenye misumeno wako njiani."

Hapo ndipo nywele zilipomsimama Futi. Wako njiani kwa saini ipi? Akakumbuka kile kicheko cha Ijumaa, na zile sifa. Siku zote alikuwa akimchunga binti, kumbe alikosea upande wa kuchunga.

Akachukua kalamu, akazikata namba zake sitini kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: "Nilipima chini. Kosa ni langu." Akasaini chini ya namba za binti.

"Unajiharibia jina, mzee," mkuu akasema kwa sauti ndogo.

"Jina ni langu, mkuu. Chemchemi ni ya wote."

Saa nne yeye na binti walikuwa msituni, wanaanza upya kitabu kizima kutoka mti namba moja. Binti akashika kalamu, Futi akasimamisha fimbo na kuzungusha utepe.

"Arobaini na mbili nukta tisa."

"Nimeandika, mzee."

Futi akanyoosha shingo juu ya karatasi. "Hebu nione."