Tulivyochagua forklift ya umeme ya godauni la asali Tabora, lita nusura zituponze

Wakuu, kwema huko?

Haya ni ya kweli kabisa. Chumvi nimetia pale tu palipokuwa pamepooza.

Mimi ni nyapara wa makuli kwenye godauni la asali, njia ya kwenda Kwihara. Shule niliiacha darasa la tatu, tukaachana kwa amani. Ila mabega yangu yana digrii mbili.

Bosi wetu ni mama mmoja wa Chemchem. Mzigo uliopita tulipakia kwa forklift ya dizeli ya kukodi. Lile dude lilitoa moshi mpaka nyuki wa Igalula wakakohoa! Na mapipa mengine yalikuwa bado wazi.

Mnunuzi akafungua pipa, akanusa. "Mama, hii asali au gereji?"

Akaurudisha mzigo wote. Akasema ukinuka tena, tusijuane. Na ndiye mnunuzi wetu mkubwa, akiondoka yeye tunafunga geti.

Mama akaamua: tunanunua ya umeme. Tukatumwa Dar wawili, mimi na mdogo wake Gervas, msomi, laptop haimtoki kwapani.

Dukani muuzaji akauliza tunatoka wapi. Nikamwambia Tabora. Akacheka, "Mimi Mzaramo."

Lahaula, mtani! Kwa msiojua, Mnyamwezi na Mzaramo ni watani toka babu zetu walipokuwa wanashusha mizigo pwani. Kutukanana ruksa, kununa marufuku.

"Mnyamwezi anunue mashine ya kubebea? Kichwa kimechoka?"

"Tumebeba miaka yote, nyie mmekaa pwani mnatusubiri mle. Toa mashine hapa."

Gervas akapiga hesabu. Pipa lita mia mbili, basi kilo mia mbili. Pallet moja, lile chaga la mbao la kupangia mzigo, mapipa manne, kilo mia nane. Forklift ya tani moja inatosha na chenji inabaki.

Mtani akajaza maji mapipa manne, akayanyanyua. Yakapanda kama maandazi. Gervas kalamu mkononi, anataka kusaini.

Mimi mabega yakakataa.

Wakuu, ndoo ya maji unaibeba unaimba. Ndoo ya asali, saizi ileile, unaibeba unatubu dhambi.

Nikasema, "Maji sio asali."

"Nyapara, lita ni lita bwana," Gervas akajibu, hata hajaniangalia.

Mtani naye, "Asali ya kwenu ina mawe?"

Ningekuwa mbele ya mtu mwingine ningenywea, laptop inatisha. Lakini mtani hanyamaziwi! Nikachomoa chupa ya asali ya lita moja niliyombebea shemeji yangu. Nikachukua ya maji, lita moja vilevile. Tukaenda duka la mchele la jirani, tukaziweka kwenye mizani.

Maji, kilo moja.

Asali, kilo moja na gramu mia nne.

Hata muuza mchele alisimama.

Gervas akafungua laptop upya. Mapipa manne, tani moja inapitwa, na hapo hujaweka pallet. Ile mashine ndogo ingeshindwa mzigo, ikanyanyua makalio yake yenyewe!

"Mtani," muuzaji akasema, "leo umenivua nguo." Akatuonyesha ya tani mbili. Akauliza pia sakafu yetu ikoje, maana vitairi vyake vigumu vikiingia mchanga wa Tabora havitoki. Nikamwambia ndani sementi tupu, nje haitoki hata kusalimia. Tukachukua hiyo.

Siku ya mzigo mnunuzi akaja mwenyewe. Nikakaa kwenye usukani, nikanyanyua mapipa manne. Kimya, hata panya hawakujua tunafanya kazi.

Akafungua pipa. Akanusa, muda mrefu kama anasali. Mama kashika pindo la kanga.

Akachovya kidole. Akalamba.

Akachovya cha pili.

"Pakieni."

Wakuu, siku hiyo nilirefuka futi mbili. Mama ananiita Injinia mbele za watu, na makuli wangu wote wapo, wamehamia kuchuja na kujaza.

Nilichojifunza: usichague mashine kwa lita, pima mzigo wako mwenyewe. Na kama mabega yako yanajua kitu, sema, hata mbele ya msomi.

Wenye hizi mashine, umeme ukikatika katikati ya kuchaji mnafanyaje? Shusheni uzoefu, na mwenye kubisha abishe, ila aje na mizani.