Mazoezi ya Kupiga Kelele

Nilimzaa binti yangu bila kutoa sauti. Kwetu Tanga hiyo ni sifa: mwanamke akishikwa na uchungu huuma pindo la khanga, akajikaza, na walioko nje wasijue lolote mpaka mtoto alie. Shangazi zake wamemsimulia kisa hicho tangu utotoni. Alipofika miezi sita ya mimba yake ya kwanza, akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake huku ughaibuni, kwamba naye atafanya vivyo hivyo.

Shule niliishia darasa la saba; mengine nimejisomea maktaba, kalamu mkononi. Nilikuwa nimesoma jinsi wanawake weusi wanavyocheleweshewa huduma katika leba kwa sababu maumivu yao hayaaminiwi. Nikaogopa. Lakini ningemkanyaje, na mfano wake ni mimi?

Jumamosi kikundi chetu cha maigizo hukutana katika ukumbi mmoja wa mtaa wa Regent Park. Kiongozi wetu ni mkunga anayezalisha wanawake majumbani mwao. Kanuni yake ni moja: mtazamaji asiyeridhika hupiga makofi, igizo husimama, naye huingia kurekebisha. Jumamosi moja mimi niliigiza mjamzito, mkunga akawa nesi. Nikauma khanga. Nesi akanitupia jicho, akasema, "Huyu bado," akapita. Akarudi, akapita tena.

Makofi yakasikika nyuma. Binti yangu, aliyekuja kunichukua tu kwa gari, akaja mbele kashika kiuno.

"Mama yangu anaumwa," akamwambia nesi, kwa Kiswahili. "Mtazame vizuri."

"Mbona halii?"

"Halii kwa sababu ndivyo alivyofundwa! Mama, piga kelele basi!"

"Piga wewe," nikamjibu kutoka mkekani. "Mimi nimeshazaa."

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama, mkono tumboni.

Kwenye gari akafunga vioo. "Nifundishe," akasema. Nami sijui, lakini tulijaribu. Kelele yake ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyeona panya. "Kwa kelele hiyo nesi hageuki," nikamwambia. Iliyofuata ilimleta mlinzi wa maegesho mbio, akagonga kioo kuuliza kama tuko salama. Binti yangu akamwomba radhi huku akifuta machozi ya kicheko.

Tulikuwa tumekaribia nyumbani, Etobicoke, aliposema tena.

"Kesho nipeleke kwa yule mkunga wako. Na siku yenyewe uwepo, Mama. Ukiona nimenyamaza, nifinye."