Mwiko Nilioubuni

Kopo la dawa za watoto lilikuwa la maziwa ya unga, na lilikaa kwenye kabati la ofisi ya walimu, shule ya msingi upande wa Ihanda, miaka niliyokuwa mwalimu wa afya. Kazi hiyo nilibandikwa kwa sababu nilikuwa mgeni shuleni na sikujua kukataa. Ufunguo wa kabati niliuvaa shingoni. Hata sasa nimestaafu, naishi Tunduma, nikisikia kengele ya shule ya jirani mkono wangu huenda kifuani kuupapasa.

Nazikumbuka sana asubuhi zile za baridi, watoto wakija mmoja mmoja kuchukua dawa. Kulikuwa na mwenye pumu aliyependa wenzake wamwone akivuta pampu yake. Kulikuwa na mwingine ambaye dawa zake tuliziita za tumbo, na sote wawili tulijua kwamba si za tumbo. Na kulikuwa na binti wa darasa la nne, mwenye vidonge vya mzio na karatasi ya daktari.

Mama yake aliniletea karatasi hiyo mwenyewe. "Madamu, huyu karanga zinataka kumuua," alisema. "Hata unga wake tu." Daktari alikuwa ameandika kwamba vidonge ni vya kuwashwa na vipele. Pumzi ikibadilika tusisubiri kidonge kifanye kazi, tumkimbize zahanati akachomwe sindano.

Sasa nenda ukawaeleze watu wa Mbozi kwamba karanga ni sumu. Huku kwetu mboga ya majani isiyo na karanga ni mboga ya mwanamke aliyegombana na mumewe. Mama mpishi wa shule alikuwa akileta karanga za shambani kwake, anazitwanga mwenyewe na kuzitia kwenye majani ya maboga, kwa mapenzi tu. Nilimweleza habari za mzio mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akaitikia kwa adabu, kisha akasema, "Mtoto anadeka huyo, Madamu. Tukimzoesha kidogo kidogo atazoea."

Mimi subira sikujaliwa. Nikamwambia, "Basi ujue ni mwiko wa ukoo wao. Hawali karanga, tangu babu zao."

Uso wake ulibadilika palepale. Kesho yake binti alikuwa na sufuria yake na upawa wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Watoto nao walilipokea jambo hilo kama askari. Aliyekuja na karanga mfukoni alifukuzwa akazimalizie nje ya uzio, kisha akasukutue bombani ndipo arudi kukaa karibu na mwenzao. Nilijiona mjanja kuliko daktari.

Mambo yalikwenda hivyo hadi msimu wa kuvuna mahindi, shangazi yake binti, dada wa baba, alipokuja kutoka Ikinga, wilaya ya Ileje, kusalimia. Huko alikuwa amesikia tu kwamba mtoto anasumbuliwa na kifua. Alifika shuleni asubuhi, na kwa kuwa binti alikuwa darasani, akaketi jikoni akimsaidia mama mpishi kuchambua majani. Mama mpishi, akitaka kuonyesha jinsi alivyomtunza mtoto wa watu, akamwambia kwamba mwiko wao anauheshimu.

"Mwiko gani?" shangazi akauliza. "Sisi tumelelewa na karanga. Nani anatubandika miiko?"

Na katika mambo ya ukoo, nani atambishia shangazi? Mama mpishi alifurahi kama aliyetuliwa mzigo. Mchana huo, bila kumwambia, akamtilia binti kwenye mboga vijiko viwili vya karanga za kutwanga, vya kumfidia miezi yote aliyokula mboga kavu.

Nilikuwa nasahihisha madaftari nilipoitwa. "Madamu, amevimba macho." Nilimkuta ameketi barazani, ameshika koo, pumzi yake ikitoka kwa sauti nyembamba. Nilifungua kopo, nikaviona vile vidonge, nikaikumbuka karatasi. Niliviacha hapohapo. Tukapanda bodaboda, binti katikati, mgongo wake kifuani kwangu, na njia nzima kati ya mashamba ya kahawa nilikuwa nasikiliza kama bado anavuta hewa. Sijawahi kuogopa hivyo, si kabla wala baada.

Muuguzi wa zahanati alimchoma pajani. Tulisubiri. Hatimaye kifua kikaachia, akafumbua jicho moja, akaniambia, "Madamu, kiatu changu kimoja kimeanguka njiani." Nililia mbele ya wagonjwa wote.

Niliporudi jioni, mama mpishi na shangazi walikuwa wamesimama getini. Mama mpishi macho yalikuwa mekundu. "Madamu, si ulisema ni mwiko? Mwenye ukoo akasema haupo."

"Nilidanganya," nilisema. "Ni ugonjwa. Nilichoka kukueleza."

Niliona aibu ambayo sijaisahau. Ningemweleza mara ya nne, ningekwenda naye hata kwa daktari, yasingetokea. Yeye alipika kwa upendo; aliyekosea ni mimi.

Shangazi akamgeukia mama mpishi. "Ungekuwa mwiko wa kweli, ungemlinda?"

"Ningemlinda."

"Basi upo. Shangazi yake ni mimi, nimeuweka leo. Na kwamba ni ugonjwa, nalo lisemwe."

Mwaka jana binti alimaliza kidato cha nne, wakanialika kwenye sherehe. Nilitoka Tunduma asubuhi, nikiwa nimejinunulia karanga za kutafuna safarini, nikiwaza kopo langu na watoto wale wote. Mlangoni nilimkuta shangazi, amezeeka, ameketi kwenye kiti na beseni la maji na sabuni mbele yake.

"Mwalimu, shikamoo ya watoto utaipokea baadaye. Umekula karanga njiani?"

Safari hii sikudanganya. "Nimekula."

Alininawisha mara mbili, akanipa na maji ya kusukutua. Nyuma yake binti alikuwa amesimama, mrefu kunipita, anacheka, mikono ameshaifungua. Alisubiri hadi shangazi aliporidhika, ndipo akanikumbatia.