Mkonyezaji

Mjukuu anasomea sayansi chuo cha serikali, na majirani wamembandika jina: Mkonyezaji. Kisa ni karatasi aliyoiviringisha kama bomba. Kila jioni huiweka kwenye jicho la kushoto akachungulia punje ya mchele, huku jicho la kulia limekodolea daftari na mkono unachora. Jicho hilo likijifumba, hujipiga kofi dogo shavuni, akaanza upya. Babu yake, tangu afiwe na mkewe, maneno hana mengi.

“Unamkonyeza nani, wewe?”

“Hadubini ni moja, babu, na sisi darasa zima. Ukifumba jicho la kuchorea, ukaanza kuhangaika na penseli, zamu yako imekwenda. Na kwenye mtihani ni hivyohivyo.”

Siku ya mtihani alirudi na alama ya duara kuzunguka jicho. Babu alikuwa amesimama mlangoni.

“Ulifumba?”

“Wapi! Nimechora yote.”

Akacheka, akampa babu lile bomba naye ajaribu. Mzee akalielekeza jikoni, kwenye kigoda cha marehemu.

“Unaona nini, babu?”

“Kigoda.”

“Na jicho la pili?”

Mzee alikuwa amelifumba, na hakutaka kulifumbua, lisije likaona jikoni hamna mtu.